Njia Nyepesi Isidharauliwe

Katika Bahari ya Atlantiki, mbali magharibi ya nchi ya Ureno, viko visiwa tisa viitwavyo Azores. Kimoja chao ni Faial. Ni kisiwa kidogo chenye malisho mabichi na ng'ombe wengi, na kando ya mashamba na barabara zake hupandwa maua ya rangi ya samawati, hata watu wamekipa jina la Kisiwa cha Buluu. Wageni huja huko wakati wa likizo ili kupumzika, kuogelea, na kuutazama mlima wa Pico, wenye urefu wa meta 2,351, uliosimama katika kisiwa cha ng'ambo ya mlango wa bahari.

Siku za likizo zikaribiapo kwisha, ndipo baadhi ya wageni hukumbuka ya kuwa upo mlima wa moto katika pwani ya magharibi, uitwao Capelinhos. Husema, "Ule ni mwepesi. Tutauona siku ya mwisho, kabla ya kuondoka." Ni kweli kwamba ni mwepesi. Barabara ya motokaa hufika karibu, na mwendo wa miguu uliobaki ni mfupi, wala hautaki kamba wala vyombo vya wapanda milima. Lakini wepesi wa njia ni jambo moja, na uzito wa mahali ni jambo jingine. Msafiri aendaye pale mbiombio, akapiga picha moja na kurudi, amefika kwa miguu tu. Akili yake haijafika.

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Basi na atazame jinsi nchi ile ilivyoundwa. Katika mwezi wa Septemba 1957 ardhi ya Faial ilianza kutetemeka, na kwa muda wa siku chache matetemeko yalizidi 200. Tarehe 27, walinzi waliokuwa juu ya jabali wakitazamia nyangumi waliona bahari inachemka. Moto wa chini ya nchi ulikuwa umepata njia ya kutokea. Maji ya bahari yalipokutana na mawe yaliyoyeyuka yaligeuka mvuke kwa ghafula, mfano wa maji yarukavyo yakimwagwa katika mafuta ya moto, na mvuke huo ukayarusha majivu juu angani. Kisiwa kipya kikatokea, kikatoweka, kisha kikatokea tena, hata mwezi wa Novemba kikaungana na Faial. Mwezi wa Mei 1958 mambo yaligeuka: maji hayakufika tena katika kinywa cha mlima, na mawe yaliyoyeyuka yakaanza kububujika na kutiririka. Mlima haukunyamaza mpaka tarehe 24 Oktoba mwaka huo, baada ya miezi 13.

Katika mambo hayo yote hakufa mtu hata mmoja, kwa maana watu walihamishwa mapema. Lakini nyumba zipatazo 300 ziliharibika, na mashamba yakafunikwa na majivu. Mkulima aliyeokoka bila shamba ameokoka nusu. Mwaka ule ule wa 1958 Marekani ilitunga sheria, iliyoletwa barazani na John Pastore na John F. Kennedy, ambaye baadaye alikuwa Rais, ili watu wa Faial walioharibikiwa wapewe ruhusa 1,500 za kuingia nchini humo. Wengi wakaenda na jamaa zao, na maelfu wengine wakafuata katika miaka ya baadaye. Hivyo mlima ambao haukuua mtu uliwatawanya watu wa kisiwa kizima. Majivu ambayo mgeni huyakanyaga kwa wepesi yamelala juu ya mashamba na nyumba za watu.

Wako watakaojibu, "Likizo ni ya kupumzika. Mgeni amelipa nauli yake. Kwa nini abebeshwe huzuni za watu wengine?" Neno hili lina haki kidogo, kwa kuwa hakuna amwambiaye mgeni alie. Anachotakiwa ni adabu. Mtu mwema akiingia katika uwanja wa wenyewe hupiga hodi, hata akikuta mlango u wazi na wenyewe hawapo. Capelinhos hapana mlango. Basi mgeni apige hodi kwa kujifunza na kwa kwenda taratibu.

Na kufanya hivyo si kazi kubwa. Pale pwani uko mnara wa taa uliowashwa mwaka 1903 ili kuongoza vyombo vya baharini. Zamani ulisimama ukingoni mwa bahari. Leo mbele yake iko nchi mpya, na sehemu yake ya chini imezikwa katika majivu. Karibu na mnara huo, chini ya ardhi, ilijengwa nyumba ya maonyesho iliyofunguliwa mwaka 2008. Ilifichwa chini kusudi isiharibu sura ya mahali. Mgeni na aingie humo kwanza, asome habari, kisha apande mnara na kutazama, ndipo aende juu ya majivu. Ashike njia iliyowekwa, kwa sababu majivu humomonyoka upesi na ndege wa baharini hutaga huko. Asichukue mawe ya ukumbusho. Na tena afadhali aende siku ya kwanza kuliko siku ya mwisho, ili akiisha kujua habari hizo, akutanapo na wazee wa kisiwa ajue la kuwauliza.

Hata mahali penyewe hapatangoja milele. Moto uliongeza nchi ya kilometa 2.4 za eneo, nayo mawimbi yamekwisha kula sehemu kubwa, hata haikubaki kilometa moja. Kinachobomolewa na bahari hakuna awezaye kukizuia. Lakini kinachobomolewa na miguu ya wazembe chaweza kuzuilika.

Mwanafunzi asiyepata kufika Faial aweza kuitumia kanuni hii karibu na kwao. Njia nyingi zipitwazo leo bila taabu zilikuwa na wenyewe, na wengine wao walipoteza mengi. Yampasa apitaye aulize ni nani waliokaa pale, na ni jambo gani lililowaondoa.