Gari moja, mabwana wawili: Barabara ya Thika si uwanja wa mbio

Rais Mwai Kibaki alipoifungua rasmi barabara kuu ya Thika mnamo Novemba 9, 2012, lengo lilikuwa kuondoa msongamano uliokuwa ukiwatesa wasafiri kati ya Nairobi na miji ya Ruiru, Juja na Thika. Lengo hilo lilifikiwa kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, barabara hiyo ya takriban kilomita 50 imezaa pia jambo ambalo halikuwa katika michoro ya wahandisi. Usiku unapoingia na magari kupungua, yako yanayosikika kabla ya kuonekana: magari madogo ya kasi, aghalabu Subaru Impreza, ambayo wenyewe wameyafanyia marekebisho ili yakimbie kuliko yalivyotoka kiwandani.

Ni rahisi kuwakashifu vijana hao na kuishia hapo. Lakini lawama pekee hazielezi kwa nini desturi hii imeota mizizi, wala hazionyeshi jinsi ya kuwalinda wanaovuka barabara kwa miguu.

Mapenzi ya Wakenya kwa magari haya hayakuanza jana. Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, naye Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Kabla yao, Mkenya Patrick Njiru alikuwa amewazoesha mashabiki kuliona jina la Subaru katika mashindano hayo. Safari iliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilikikuta kizazi kipya kilichorithi mapenzi hayo.

Thika nayo si mgeni katika shughuli za magari. Kiwanda cha KVM kilianza kuunganisha magari mjini humo katika miaka ya 1970, na Desemba 2016 kikazindua uunganishaji wa Volkswagen Polo Vivo. Kuna tofauti kubwa, hata hivyo, kati ya kiwanda na gereji ya kando ya barabara. Gari linalotoka kiwandani hupimwa kwa viwango vinavyojulikana. Gari linaloongezewa nguvu gerejini hupimwa na dereva mwenyewe, barabarani, miongoni mwa matatu, malori na bodaboda.

Aghalabu marekebisho huanzia mahali pasipofaa. Mwenye gari hubadilisha ekzosi ili injini ingurume, kisha humtafuta fundi wa kubadilisha mpangilio wa kompyuta ya injini ili tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, kifanye kazi kwa nguvu zaidi. Breki na tairi hungoja zamu ya mwisho, pengine fedha zikiwa zimekwisha.

Hesabu ya fizikia haisamehe mpangilio huo. Gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa lina nishati karibu maradufu ya lile la kilomita 100, hivyo huhitaji karibu umbali maradufu ili lisimame baada ya breki kukanyagwa. Tena kwa mwendo huo, sekunde moja tu ya dereva kushtuka hula mita 39. Mtu anayevuka barabara karibu na Ruiru hawezi kukadiria mwendo huo gizani kwa kutazama taa peke yake.

Mazingira nayo yana masharti yake. Ruiru na Thika ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuipa injini hewa ileile, na joto huongezeka. Isitoshe, matoleo ya Impreza yenye nguvu zaidi yaliundwa kwa ajili ya petroli ya Japani, ambayo mara nyingi okteni yake hufikia 100, kiwango ambacho petroli ya kawaida ya Kenya haifikii. Fundi anayeongeza nguvu bila kuzingatia hayo huifanya injini igonge kwa ndani hadi pistoni zipasuke.

Lakini suala zito zaidi ni la yule anayetaka gari lilelile limpeleke kazini siku za wiki na limfae uwanjani Jumapili. Mshika mbili moja humponyoka. Breki za mashindano huhitaji joto ili zishike sawasawa. Asubuhi yenye baridi, zinaweza kushika vibaya kuliko za kawaida. Tairi za uwanjani, ambazo zina mifereji michache, hung'ang'ania lami kavu lakini huteleza vibaya mvua za Aprili zinapotuamisha maji barabarani. Springi ngumu zinazolituliza gari katika kona za uwanja hulifanya lirukeruke kwenye matuta na mashimo ya barabara za mitaani.

Ndiyo maana mafundi makini hushauri mwenye gari aanze na breki, mafuta ya breki yanayostahimili joto, tairi nzuri za kawaida na mfumo bora wa kupoza injini. Nguvu huja mwisho, tena kwa kiasi. Gari la namna hiyo halitawika kwenye kundi la marafiki, lakini litasimama linapotakiwa kusimama.

Sheria zipo. Gari la kibinafsi halifai kuzidi kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu, na mwendo hushuka hadi 50 katika maeneo ya miji. Anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10. Zipo pia kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele. Zaidi ya hayo, anayebadilisha injini bila kutoa taarifa hubaki na hati ya usajili isiyolingana na gari lake, na anayeificha kampuni ya bima marekebisho huipa sababu ya kukataa kumlipa fidia. Bima nyingi huwa hata hazigharimii hasara iliyotokea katika mashindano ya kasi.

Hata hivyo, zaidi ya watu 4,700 walikufa katika ajali za barabarani nchini mwaka 2024. Wengi wao hawakuuawa na magari ya kasi yaliyorekebishwa, na lingekuwa kosa kuwatwika vijana wa Subaru mzigo wote huo. Idadi hiyo inaonyesha, hata hivyo, kuwa barabara zetu hazina nafasi ya majaribio.

Mwaka 2025 Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) ilitoa rasimu ya kanuni ambazo zingelazimisha magari ya kibinafsi yaliyopita miaka minne kukaguliwa. Wenye magari wengi waliona humo ada nyingine tu. Lakini ukaguzi ungekuwa na manufaa iwapo ungetenganisha marekebisho yanayoongeza usalama na yale yanayouhatarisha. Ujerumani hufanya hivyo: marekebisho makubwa hukaguliwa na mtaalamu na kuandikwa katika hati za gari. Mwenye gari hujua kinachoruhusiwa, na polisi hana nafasi ya kuamua kwa kubahatisha au kwa kunyoosha mkono.

Ukaguzi pekee hautoshi. Kenya haina uwanja wa lami wenye hadhi ya kimataifa ya mbio za magari. Nchini Ujerumani, mtu wa kawaida hulipa ada na kuingia na gari lake katika uwanja wa Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927. Katika kaunti ya Kiambu kwenyewe, mashindano ya KiambuRing yameonyesha kuwa barabara inaweza kufungwa kwa siku chache na magari yakashindanishwa kwa kupimiwa muda, huku waokoaji wakiwa tayari.

Watakaouliza kwa nini fedha zitumike kwa starehe ya wachache ilhali hospitali hazina dawa wana hoja. Jibu ni kwamba si lazima fedha za umma zitumike. Kaunti inaweza kutoa idhini na kuweka masharti, kisha wenye magari, mafundi na wafanyabiashara wagharimie wenyewe. Mafundi wa Ruiru na Thika wangepata mahali pa kuipima kazi yao kwa saa ya mashindano badala ya uvumi.

Uwanja hautawafanya wote wawe watiifu, na polisi bado watahitajika. Lakini utaondoa kisingizio kilichobaki, kwamba hakuna pengine pa kwenda. Kisingizio hicho kikiondoka, atakayeendelea kufukuzana barabarani usiku atakuwa amechagua mwenyewe kuhatarisha maisha ya anayevuka, na sheria itakuwa na kila sababu ya kutomwonea huruma.