MAONI: Mboga ya Kuchumwa Kila Siku Haifai Kupigwa Sumu

Bustani ya gunia ni msaada mkubwa kwa afya ya familia kambini. Mgao wa chakula huwa hasa ni nafaka, kunde na mafuta. Mboga mbichi za majani hazimo, na mwili unazihitaji ili kupata vitamini A na madini ya chuma. Ndiyo maana katika miaka ya 2000 UNHCR na shirika la Kijerumani la GTZ walizihimiza bustani hizi Dadaab na Kakuma. Gunia la udongo, lenye kokoto katikati za kupitisha maji na matundu ubavuni, humpatia mama sukuma wiki na mchicha mlangoni pake.

Lakini penye jani laini hapakosi mdudu. Vidukari hujazana chini ya majani na kufyonza utomvu, na viwavi huyatoboa. Akiona hivyo, mwenye bustani hukimbilia sokoni kununua dawa iliyopimwa katika chupa ya soda, isiyo na jina wala maelezo. Maoni yetu ni kwamba dawa hiyo isiguse gunia lako kabisa.

Utasema, "Mbona wakulima wakubwa wanapiga dawa na watu wanakula?" Mkulima mkubwa hupiga dawa, kisha husubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ndipo avune. Wewe huna shamba la kusubiri. Leo unachuma majani matano ya chini, kesho kutwa matano mengine. Hakuna siku ambayo gunia lako limepumzika, kwa hiyo hakuna siku ambayo sumu imepata nafasi ya kuisha. Na chupa isiyo na kibandiko haikuambii usubiri siku ngapi.

Hatari ya pili ni chupa yenyewe. Mtoto mwenye kiu huona soda, hajui kuna sumu. Tukumbuke yaliyotokea Bihar, India, mwezi Julai 2013: wanafunzi 23 walikufa baada ya kula chakula cha shuleni, na uchunguzi ulikuta dawa ya kuua wadudu katika mafuta yaliyopikiwa. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu kisitiwe tena maji, maziwa wala mafuta, hata kikioshwa mara ngapi.

Je, tufanye nini? Kwanza, kagua gunia kila asubuhi. Geuza majani, okota viwavi, ponda mayai yao kwa vidole. Gunia ni dogo. Kazi hii haizidi muda wa kuchemsha chai. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, tafuta vidukari, kwa sababu sisimizi huwalinda ili wapate utamu wanaoutoa. Wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi usiwaue. Wao hula vidukari.

Pili, tumia mwarobaini. Ndugu zetu waliotoka Kisimayu, Koyama, Chula na Darakasi hawahitaji kufundishwa mti huu, maana pwani yote inaujua kwa dawa. Nguvu yake kubwa imo katika kokwa. Twanga kokwa zilizokauka, gramu 50 hivi, sawa na ukufi mmoja, kwa kila lita ya maji. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili maji yashike kwenye majani. Chuma mboga zako kwanza, kisha nyunyiza jioni, hasa chini ya majani, kwa kuwa jua huondoa nguvu ya dawa hii upesi. Rudia baada ya siku saba, au mapema mvua ikinyesha. Na mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Usitarajie wadudu waanguke papo hapo. Mwarobaini huwafanya waache kula na washindwe kukua, hivyo matokeo huonekana baada ya siku kadhaa. Anayetaka kuona maiti za wadudu saa ile ile ndiye anayerudi kwenye chupa ya soda.

Mwarobaini nao si wa kuchezea. Mafuta yake yasinyweshwe mtoto mchanga, kwani yamewahi kuwadhuru vibaya watoto, na mama mjamzito asinywe dawa zake.

Kwa mashirika tuna neno pia. Kumpa mama mbegu bila kumfundisha kupambana na wadudu ni kumsukuma kwa muuza sumu. Siku ya kugawa mbegu iwe pia siku ya kuonyesha namna ya kuloweka kokwa, na miche ya mwarobaini igawiwe pamoja nazo. Nasi wakazi tuache kuikata iliyopo kwa ajili ya kuni.

Mtu aliyeshika au kumeza sumu akitokwa na jasho na mate mengi, akatapika, akatetemeka au akapumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja, na uchukue chupa yenyewe ukaionyeshe. Usimtapishe.

Jani lililotobolewa na kiwavi bado ni chakula. Jani zuri lenye sumu si chakula.