Ukurasa wa Bwana Shamba: Anayekulelea Mtoto Alipwe Kiasi Gani?



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupanda pamba kwa mistari. Mwezi huu ni zamu ya palizi. Lakini leo sitaanza na jembe. Nitaanza na mtoto mchanga.

Sote tunajua kuwa pamba haipendi magugu. Palizi ya kwanza hufanywa wiki mbili au tatu baada ya mbegu kuota. Ukichelewa, magugu hula chakula cha pamba na kunywa maji yake. Lakini mama ana mtoto mgongoni. Jua ni kali. Mtoto analia. Mama anasimama, ananyonyesha, anarudi kwenye jembe. Asubuhi inakwisha, kazi imefika nusu tu. Tena siku ya kupulizia dawa ya wadudu, mtoto hatakiwi kabisa kuwa karibu na shamba.

Kwa hiyo mama humwita binti wa jirani. Binti ana miaka 15 au 16. Ni mwezi wa Desemba, shule zimefungwa. Binti anakuja saa 12 asubuhi, anaondoka saa 6 mchana. Anafanya hivyo siku 10. Mwisho anapewa kanga iliyochakaa. Au anaambiwa, "Mungu akubariki, mwanangu." Kibarua aliyepalilia shamba lile lile amelipwa fedha. Je, hiyo ni haki?

KULEA MTOTO NI KAZI

Wengine husema, "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Ananisaidia tu." Ni kweli, kusaidiana ni desturi yetu, na ni desturi njema. Ukienda kisimani, ukamwacha mtoto kwa jirani, huo ni ujirani. Hakuna malipo. Lakini asubuhi nzima, siku 10 mfululizo, si msaada tena. Hiyo ni kazi. Na kazi ina ujira wake, hata kama anayeifanya ni mtoto wa ndugu yako.

Wengine husema, "Lakini alikula kwangu." Chakula ni haki ya kila mtu anayeshinda nyumbani kwako. Hata kibarua wa shamba hupewa uji. Wala hukati bei ya uji katika fedha zake.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu na daftari. Tuseme kijijini kwenu kupalilia ngwe moja ni shilingi 5,000. Weka bei ya kwenu kama ni nyingine.

Mama mwenye mtoto mgongoni anamaliza nusu ngwe kwa asubuhi moja. Mtoto akiwa na mlezi, mama anamaliza ngwe nzima. Basi binti amemwongezea mama nusu ngwe. Nusu ya 5,000 ni 2,500. Hiyo ndiyo thamani ya kazi ya binti kwa siku.

Sasa gawaneni. Sehemu kubwa iende kwa binti, maana jasho ni lake. Akilipwa 2,000, mama anabaki na 500. Tena mama amepata palizi ya wakati, na mtoto wake amekaa kivulini.

Kwa siku 10, binti atapata 2,000 × 10 = 20,000. Shule zikifunguliwa Januari, anaweza kujinunulia madaftari na sabuni.

Akina mama wawili wanaweza kushirikiana mlezi mmoja. Kila mmoja akitoa 1,500, binti anapata 3,000 kwa siku. Lakini msimpe watoto wachanga zaidi ya wawili. Hataweza kuwaangalia vizuri.

Kumbuka pia: kuchota maji, kufua na kupika ni kazi nyingine. Ukiziongeza, ongeza na malipo.

PATANENI KABLA YA KAZI

Ugomvi mwingi huja kwa sababu watu hawakupatana mapema. Mambo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka uniangalizie mtoto mpaka palizi iishe. Ni kama siku 10. Saa 12 hadi saa 6. Nitakupa 2,000 kwa siku. Unaonaje?"

"Ni sawa, mama. Na nguo za mtoto, nizifue mimi?"

"Hapana. Nitafua mwenyewe nikirudi."

"Utanilipa lini?"

"Kila Jumamosi."

Maneno ni machache, lakini yanatosha. Mzazi wa binti awepo na akubali. Hata hivyo fedha apewe binti mwenyewe mkononi.

Sasa andikeni. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotufaa. Piga mistari katika daftari. Andika tarehe, saa ya kuja, saa ya kuondoka, na kiasi kilicholipwa. Binti naye awe na daftari lake. Siku ya malipo wekeni madaftari pamoja. Yakilingana, hakuna maneno.

KAMA HUNA FEDHA

Najua kuwa mwezi wa Desemba wakulima wengi hawana fedha. Pamba bado iko shambani. Lakini usimwambie binti, "Subiri pamba iuzwe." Ahadi ya miezi sita husahaulika. Afadhali mlipe kitu kinachopimika. Pataneni mahindi, na yapimwe kwa debe mbele yake. Au mpe kuku mtetea kwa bei ya sokoni ya siku ile. Kuku akitaga na kuangua, binti ana mradi wake.

SHERIA INASEMAJE?

Huku Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema mtoto wa chini ya miaka 14 asiajiriwe. Aliyefikisha miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Asifanye kazi usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Na malipo yake yalingane na thamani ya kazi aliyoifanya.

Kwa hiyo, shule zikifunguliwa, kazi hii ya asubuhi ikome. Palizi isiwe sababu ya binti kukosa darasa. Shamba linaweza kusubiri hadi Jumamosi. Somo lililopita halirudi.

Anayefanya kazi za nyumbani kwa mwezi mzima ana kima chake cha chini cha mshahara. Amri iliyoanza kutumika Januari 1, 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Viwango hivi hubadilishwa. Muulizeni Mtendaji wa Kijiji kiwango cha sasa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu, kupalilia ngwe moja ni shilingi ngapi?
2. Mlezi wa mtoto angestahili kiasi gani kwa siku?
3. Siku 12 za kazi ni shilingi ngapi?
4. Je, mvulana naye anaweza kulea mtoto? Kwa nini?

Jadilianeni mpatane kiwango kimoja kabla ya palizi. Kiandikeni, kibandikeni ofisi ya kijiji.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya wadudu wa pamba.

Kazi njema.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu