BIMA YA KUMRIDHISHA ASKARI



Wengi wetu hapa Machakos, kwa mikopo ya ushirika, sasa tuna motokaa. Ni jambo la kushukuru. Lakini siku ya kukata bima twafanya ujinga. Twatafuta ile ya bei ya chini kuliko zote, twachukua cheti, kisha twasema, "Yatosha, askari wa pale Kyumbi hatanishika."

Je, bima ni ya askari? Hasha!

Sheria, Sura ya 405, yatulazimisha kuwa na bima kwa ajili ya mtu tutakayemwumiza au kumwua barabarani. Lakini bima hiyo ya lazima ina mpaka. Kwa dai la mtu mmoja, mpaka ni shilingi milioni 3. Tuseme umemgonga mtu pale Mlolongo, akakatwa miguu, na mahakama ikaamua alipwe milioni 5. Kampuni ikitoa 3, zile 2 zatoka wapi? Zatoka kwako: motokaa, shamba na ng'ombe chini ya nyundo ya dalali.

Tena sheria hiyo haikulazimishi kukata bima kwa gari la mwenzako utakalolivunja, wala kwa rafiki uliyempakia bure. Na utingo wako akiumia kazini, haki yake iko katika sheria nyingine, ile ya fidia ya kazini ya mwaka 2007, na mwajiri wa kumkatia bima ni wewe. Sisi tunaowapigia kelele mabwana wakubwa kwa kunyima watu fidia, je, tutakuwa mabwana wa namna ile ile?

Basi, kabla ya kulipa, muulize wakala: Mpaka ni shilingi ngapi? Abiria wamo? Mali ya watu imo? Nayapate majibu katika karatasi. Ichunguze na kampuni yenyewe, maana United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011 ziliwekwa chini ya wasimamizi, na wenye madai wakabaki wakingoja.

Wengine watasema hawana fedha. Twawajibu wazi: asiye na fedha ya bima ya kutosha, bado hana fedha ya motokaa.

Husemwa ajali haina kinga. Ni kweli. Lakini deni la ajali lina kinga. Na huyo atakayegongwa alfajiri akienda zamu, ni mfanya kazi kama sisi.

Umoja ni nguvu.