Pishi Moja kwa Mkubwa na Mdogo



Mwezi uliopita, baada ya darasa la alasiri, vijana wetu walituletea swali. Mmoja wao alikuwa amesikia kwamba nchini India mtu aweza kushitakiwa na kufungwa kwa ajili ya fedha za msaada zilizotoka ng'ambo. "Maalim," akauliza, "tangu lini sadaka ikawa jinai?" Tulimwahidi jibu katika ukurasa huu, kwani lawafaa wazee pia.

Kwanza tusiilaumu sheria kabla ya kuijua. India ilitunga sheria ya misaada ya kigeni mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Bibi Indira Gandhi. Ilihofiwa kwamba fedha za nje zitanunua kura na kalamu. Kwa hiyo wagombea uchaguzi, wabunge, vyama vya siasa, watumishi wa serikali, wahariri, hata wachoraji wa vibonzo magazetini, walikatazwa kuzipokea. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Nyumba isiyo na mlango huingiwa na kila mpita njia. Sheria ya 2010 ilishika mahali pa ile ya kwanza, na mwaka 2020 ikakazwa: vyama vya hisani vipokee fedha za nje kupitia tawi moja tu la benki mjini New Delhi, visigawiane fedha hizo, na gharama za ofisi zisizidi asilimia 20, badala ya 50 za zamani.

Lakini kumfutia mtu kibali ni jambo moja, na kumtia gerezani ni jambo jingine. Sheria ya 2010 iliandika kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini, au vyote viwili. Jambo likifika hapo, dhana haitoshi. Yapasa ithibitishwe fedha zilikuwa za nani, za nini, na nani alizipokea. Sheria yenyewe iliweka ngao. Kwanza, mshahara, malipo ya biashara ya kawaida na zawadi ya jamaa havikuhesabiwa katika makatazo. Mzee aletewaye fedha na mwanawe aliye ugenini si mhalifu. Pili, kiongozi wa chama aliyeshitakiwa kwa kosa la chama chake aweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba hakuwa na habari, au kwamba alijitahidi kulizuia. Tatu, mahakama haiwezi kuisikiliza kesi ya namna hii bila ya idhini ya Serikali Kuu.

Ngao hii ya tatu ina makali pande mbili. Mwenye kutoa idhini ni yule yule mwenye madaraka, na mwenye madaraka ana marafiki na ana mahasimu. Ama yeye mwenyewe akikosa, nani atamshitaki?

Hayo si ya kudhania. Machi 2014 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba vyama viwili vikubwa vya siasa, Congress na BJP, vilipokea fedha kinyume cha sheria hiyo kutoka kampuni zilizokuwa chini ya Vedanta ya London. Serikali ikaagizwa ichukue hatua katika muda wa miezi sita. Vyama vikakata rufaa. Kumbe dawa ilikuwa kwingine: mwaka 2016 Bunge lilibadili maana ya mtoaji wa kigeni, na badiliko hilo likarudishwa nyuma hadi 2010, mwaka 2018 likarudishwa hadi 1976. Kosa la jana likawa si kosa tena. Kwa maandishi badiliko hilo ni la kila mtu. Lakini ni mnyonge gani awezaye kuandika upya sheria baada ya mahakama kumwona ameivunja?

Basi, mwanetu, jibu letu ni hili. Sadaka si jinai, na nchi ina haki ya kuuliza fedha zimetoka wapi. Dhuluma huingia pale pishi ya kumpimia mdogo inapokuwa nzima, na ya mkubwa imetobolewa chini.

Nanyi wazazi mliokabidhiwa kisanduku cha msikiti au cha chuo, msiitie sahihi karatasi msiyoisoma. Andikeni kila shilingi, jina la mtoaji na siku yake, wala msichanganye amana na fedha za nyumbani. Daftari safi haliwezi kumzuia mwenye hila asikushitaki, lakini siku utakaposimama mbele ya hakimu, ndilo shahidi asiyesahau wala kuogopa.

Mola atujaalie tuwe waaminifu katika kidogo na kingi. Amin.