Kabla ya kusema Dar haina raha, pita Mwenge

UE ziko mlangoni, watu wamejaa maktaba, na mimi kichwa kinawaza maduka. Ila hili nimekaa nalo muda mrefu, leo acha niliseme.

Hapa Mlimani kila Ijumaa jioni utasikia wimbo ule ule: "Dar bila hela haina raha." Ukiuliza raha yenyewe ni ipi, jibu ni moja tu, Mlimani City. Watu wanavuka, wanazunguka ndani ya kiyoyozi, wanaangalia viatu ambavyo hawatanunua, wanapiga picha, wanarudi hosteli kula chipsi kavu. Bumu likiingia ndio wananunua, tena vitu vile vile ambavyo vinauzwa Nairobi, Johannesburg na Dubai. Sisemi watu wasiende. Ile sehemu imefunguliwa 2006 kwenye ardhi ya chuo chetu, na kiyoyozi ni kiyoyozi. Ninachosema ni kwamba mji huu una maduka yake yenyewe, ambayo huyapati mji mwingine wowote, na sisi tuliopewa miaka mitatu ya kukaa nayo jirani tunaondoka bila kuyajua.

Mimi ni mtu wa Gitting, Hanang, chini ya mlima. Kwetu hakuna jengo la ghorofa la maduka. Tuna mnada wa Katesh. Asiyeujua mnada anadhani ni ng'ombe na mbuzi tu. Ng'ombe wapo, nyama choma ipo kibao, mitumba ipo. Lakini pembeni kuna fundi katambuga amekaa na tairi lake. Unaweka mguu, anachora, anakata, anapiga misumari, unaondoka nazo mguuni. Kuna akina mama wenye vibuyu vya maziwa. Kuna bangili za shaba za wahunzi wa Kidatoga. Wale jamaa wanachukua kufuli mbovu na koki za bomba, wanaziyeyusha kwa moto unaopulizwa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, inatoka bangili. Upande wa Ziwa Eyasi wahunzi hao hao ndio wanaowafulia Wahadzabe vyembe vya mishale, na wao wanalipwa kwa asali.

Sasa angalia kitu kimoja. Mnadani mara nyingi anayekuuzia ndiye aliyetengeneza. Mkanda wa katambuga ukikatika unajua umrudie nani. Na huwezi kufika ukasema "hii bei gani" kama unaongea na ukuta. Unaamkia kwanza. "Shikamoo mzee." "Marahaba, wa wapi wewe?" Ukisema wa Gitting, atakuuliza mvua imenyeshaje, mahindi yakoje, babu yako nani. Bei inakuja baadaye, na ikija mmeshakuwa watu.

Mtu aliyekulia hivyo akifika Mwenge haoni ugeni. Pale Mwenge, kwa wanaojua kituo cha daladala tu, kuna soko zima la vinyago, na kutoka chuoni unafika kwa miguu. Mbele ni vibanda, lakini usiishie mbele. Zunguka nyuma, utakuta wachongaji wamekaa chini, kipande cha mpingo kimebanwa kwa miguu, tezo inafanya kazi. Mpingo unachukua miaka 70 na zaidi mpaka ufae kuvunwa, kwa hiyo ule mti ulianza kuota kabla babu yako hajaoa. Ile michongo ya watu waliobebana mpaka juu, wanaita ujamaa, ni sanaa ya Wamakonde, na hapo unaiona inatoka kwenye gogo mbele ya macho yako, bure kabisa.

Ukipata nauli nenda Oysterbay, kwenye ushirika wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, akafa 1972. Miaka minne tu, na mtindo umebeba jina lake dunia nzima. Wachoraji wako pale pale kwenye vibaraza wanachora, na hakuna anayekufukuza ukisimama kuangalia. Halafu kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, ipo tangu 2008. Wamegeuza makontena kuwa vyumba vya wasanii.

Najua mtakachosema. "Wewe, mwanafunzi hana hela, vinyago ni vya wazungu." Hapo ndipo ninapotaka tugombane kidogo.

Kwanza, kuangalia hakulipiwi. Pili, kila kibanda kina vitu vidogo: kijiko cha mti, kichana, kadi ya kuchora kwa mkono. Ukiacha chipsi mayai siku mbili tatu umekipata. Tatu, na hili ndilo kubwa, mahali kama hapa pakitegemea watalii peke yake ndio panakufa. Mwaka 2020 corona ilipofunga viwanja vya ndege, watalii hawakuja. Fundi aliyemtegemea mzungu alikula nini? Mji ambao wenyeji wake hawanunui kwa mafundi wao ni mji unaongoja siku ya kuwapoteza.

Na wanapotea kweli. Nani hapa anaikumbuka Nyumba ya Sanaa, Upanga? Ilianza 1972. Kijana wa kimaskini alikuwa anapata pale sehemu ya kufanyia kazi na sehemu ya kuuzia. George Lilanga, Mmakonde, aliingia pale miaka ya 1970 akiwa mlinzi. Mlinzi jamani! Wakamuona ana mkono, wakampa nafasi, akachonga, akachora, kazi zake zikafika Ulaya na Marekani. Alifariki 2005. Leo nyumba ile haipo tena. Swali langu: mlinzi mwenye kipaji aliyeajiriwa Dar mwaka huu ataingilia mlango gani? Kwenye duka la kiyoyozi, mlinzi anabaki mlinzi mpaka anastaafu.

Wenzangu wa Hanang mnajua uzito wa hili. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka toka mlimani liliua watu zaidi ya 80, likaingia mpaka madukani Katesh mjini. Duka kubwa likipata janga, mzigo mwingine uko stoo mji mwingine. Fundi mtaji wake ni cherehani moja, nyundo mbili na mikono yake. Cherehani ikizama kwenye tope, duka limekwisha. Hakuna anayemkopesha kwa sababu hana karatasi, ana wateja tu. Ndio maana nasema wateja ndio benki yake, na wateja wenyewe ni sisi.

Kuna tabia moja inaniudhi zaidi, kwa sababu tunaifanya tukiona ni ujanja. Mtu anaenda Mwenge, anashika kinyago kilichochukua siku tatu, anasema "elfu tano", halafu akirudi anajisifia alivyomkamua yule mzee. Lakini simu yake alinunua kwa bei iliyobandikwa, hakupunguziwa hata shilingi mia, na alisema asante. Kupatana bei ni utamaduni wetu, sikatai, hata mnadani tunapatana. Ila mnadani unapatana na mtu utakayekutana naye mwezi ujao, kwa hiyo mnaishia mahali ambapo wote mnaweza kusalimiana.

Kingine ni jina. Bangili ya Hanang ikifika madukani mjini inaitwa "ya Kimasai". Aliyeitengeneza hajulikani, hata kabila lake limebadilishwa. Uliza basi. "Hii kafanya nani? Wa wapi?" Muuzaji akiulizwa na watu kumi, wa kumi na moja atakuwa na jibu, na fundi mwenye jina anaweza kudai bei yake. Wenzetu wa Idara ya Sanaa Bunifu mko hapa hapa, mngeanza hata na daftari moja la majina ya wachongaji wa Mwenge. Tutasoma sisi.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea utaratibu. Jumamosi moja kila mwezi, sehemu moja ambayo fundi nitamuona kwa macho, naamkia, nakaa, nauliza, nikiwa nayo nanunua kitu kimoja na jina lake naliandika. Nisipokuwa nayo nasema kabisa, "mzee leo sina, nimekuja kujifunza." Bado hakuna aliyenifukuza. Wawili wamenipa kigoda.

Jumamosi ijayo ni zamu ya Mwenge, kwa miguu kupitia Survey. Anayetaka anikute nje ya maktaba mpya saa tatu asubuhi. Njooni na maji, na salamu ya heshima.