Programu Inayozima Ukifunga Laptopu Bado Haijamalizika

Wasee, hii itawauma wengine lakini acha niseme. Kama tovuti ya mteja wako inazima ukifunga laptopu yako, hujamaliza kazi. Wewe ni kama fundi wa stima ambaye taa inawaka tu akiwa ameshika waya kwa mkono. Akienda nyumbani, giza.

Najua vile huenda. Umekodi seva ndogo, umeingia na SSH, umeandika node server.js, ukaona inawaka. Umepiga skrinshoti, umepost, umepigiwa makofi. Kisha unafunga dirisha na programu inaenda na wewe. Si uchawi. Programu uliyoiwasha kwa terminali ni mtoto wa hiyo terminali. Ikifungwa, mtoto anatumiwa ishara inaitwa SIGHUP, na programu nyingi zikiipata zinakufa.

Sasa fikiria hilo ni duka la mtumba la mtu. Mnunuzi analipa na M-Pesa, jibu la malipo linatumwa kwa anwani iliyo kwa seva yako, na seva yako imelala. Pesa imetoka kwa simu ya mtu lakini mfumo wako haujui. Mwenye duka anatukanwa usiku wa manane, wewe unakoroma. Kesho akisema vijana wa kompyuta ni matapeli, utamjibu nini? Na msee mwingine aliyetaka kumtengenezea tovuti amekosa kazi kwa sababu yako.

Dawa unayo tayari. Inaitwa systemd. Ubuntu na Debian ziliifanya ya kawaida mwaka wa 2015, kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa imekaa kwa seva yako ikikungoja, bure. Kazi yake ni kuwasha huduma na kuzilinda nyuma ya pazia, hata kama hakuna mtu ameingia. Andika faili moja, /etc/systemd/system/duka.service:

[Unit]
Description=Duka la mtumba
After=network.target

[Service]
User=duka
WorkingDirectory=/srv/duka
ExecStart=/usr/bin/node server.js
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha amri mbili:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now duka

Ni hayo tu. Restart inasema programu ikianguka, ngoja sekunde tano uiwashe tena. User inasema iendeshwe na mtumiaji wa kawaida uliyemtengeneza, si root, ndiyo mwizi akiingia kwa programu asipate funguo za nyumba yote. Ile enable ndiyo inafanya iwake yenyewe seva ikizimwa na kuwashwa. Wengi huandika start peke yake, kisha seva ikiwaka upya wanashangaa duka limeenda wapi. Na usibahatishe njia ya node. Andika which node uone iko wapi, kwa sababu systemd haisomi mipangilio ya terminali yako.

Najua mtakuja na majibu. "Mimi natumia tmux." Sawa, tmux itakuokoa bando ikikatika. Seva ikiwashwa upya, tmux yako imeenda na kila kitu ndani. "Mimi natumia PM2." Poa, lakini ukitaka PM2 irudi yenyewe unaandika pm2 startup, na kwa Ubuntu hiyo amri inakuandikia faili ya systemd! Umezunguka mtaa mzima ukarudi kwa mlango uleule. Kuna pia wazee wa Linux wanaoichukia systemd mpaka wakaanzisha Devuan mwaka wa 2014 kuikwepa. Hao nawaheshimu, wana njia yao ingine ya kulinda huduma. Wewe huna hata moja.

Lakini pia msijifiche nyuma ya Restart. Programu mbovu ikianguka kila dakika, systemd itaiinua kila dakika, na huko ni kufunika kidonda na nguo safi. Andika journalctl -u duka -f usome inalia nini.

Wenye ninawalaumu zaidi ni wale wanauza kozi. Mnachukua pesa ya kijana, mnamfundisha kupaka kitufe rangi na kukizungusha, kisha mnampa cheti siku programu yake inafunguka kwa laptopu yake mwenyewe. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na muda wote niliokuwa huko tulichora michoro ya mifumo mpaka kalamu zikaisha. Hakuna siku hata moja tulifundishwa kuacha mfumo ukiwa hai tukaenda nyumbani. Mtu anahitimu bila kujua kitu kinachojifunza kwa nusu saa.

Kwa hivyo ukitaka kujua wewe ni nani, fanya hivi. Saa nane usiku, wakati hakuna anayenunua, andika sudo reboot. Funga laptopu, usiguse kitu. Baada ya dakika tatu, fungua tovuti ya mteja kwa simu yako. Ikifunguka, itisha pesa yako yote na usikubali kupunguziwa. Isipofunguka, washa laptopu urudi kazini, kwa sababu deni bado ni lako.